Funza Kinywani mwa Mama Mkubwa

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, huko kwetu milimani Uluguru, niliamini kwamba anayeapa uongo juu ya ardhi ya ukoo huoza kinywa angali hai. Sikuwa peke yangu. Hata mtendaji wa kijiji, ambaye kikazi hakuruhusiwa, aliamini.

Mama mkubwa Zena alikuwa ametoa ushahidi barazani kwamba shamba la migomba la ng'ambo ya mto bibi alimpa mama yangu, si mjomba. Ilikuwa kweli tupu. Haukupita muda jino bovu likamtoboa fizi, homa ikamlaza, akawa anashinda kibarazani amesinzia, mdomo wazi. Siku mama alipommulika kwa tochi ya simu, aliona funza weupe wakitambaa kidondani.

Kijiji kizima kilikuja kuchungulia. Mtendaji akatangaza kuwa serikali haitambui ushirikina, kisha akasogeza kiti chake nyuma.

Mvua ilikuwa imekata njia ya pikipiki. Kufika hospitali mjini Morogoro kulitaka machela, na vijana wa machela walimsikiliza mjomba.

"Dada, tengua maneno yako," mjomba alisema. "Ukitengua tu, tunakubeba."

"Nibebeni kwanza."

"Kwa kinywa hicho? Nani atakigusa?"

Mama alikuwa analia. "Sema tu, dada'angu. Shamba si roho."

Mama mkubwa akatema damu. "Haya. Shamba lako."

Hospitalini daktari alimwekea pamba yenye tapentaini. Funza wakachomoza kutafuta hewa, akawavuta kwa kibano, akasafisha kidonda, akang'oa na jino.

"Ni laana, daktari?" mama aliuliza.

"Ni nzi, mama. Kataga kwenye kidonda. Nzi hana kesi na mtu."

Alipopona, mama mkubwa alirudi barazani kuusema ukweli wake upya. Walimsikiliza kwa heshima zote, wakaamua yashikwe maneno ya siku ya machela, kwa kuwa mgonjwa aliyechungulia kaburi hadanganyi.

Siku hizi nimesoma, naweza kueleza safari yote ya yai la nzi. Haijaturudishia hata mgomba mmoja. Nikipanda kwetu, watoto wa mjomba huniamkia vizuri na kunipa mkungu wa ndizi. Naupokea, nashukuru. Kukataa ni kufungua kesi, na shahidi wetu, ambaye bado yu hai na anatafuna mahindi ya kuchoma, mkutano ukiitishwa huvuta khanga akaziba mdomo.