Mchi wa Jirani

Nyuma ya nyumba yangu hapa Kilole wamefunga mashine ya kusaga. Ikiwaka, madirisha yote yanatetemeka. Wenzangu wananiambia, mama, kelele hizo utazizoea tu. Sibishani nao. Kuna kelele nilizipenda utotoni, na mpaka leo sijajisamehe.

Tulikaa Handeni, sisi upande huu wa bonde, na jirani, mama mmoja mjane, upande wa pili. Jioni bibi yangu akishatwanga makopa ya bada, ugali wetu wa muhogo, aligonga ukingo wa kinu mara tatu: ko, ko, ko. Ng'ambo jirani naye aligonga tatu, maana yake nimeshinda salama. Asipojibu, bibi alijifunga khanga akashuka bondeni kumtazama.

Kisha likaja lori, tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zikapangwa mistari, jirani yetu akaangukia mstari wa mwisho kabisa. Jioni vinu vya kijiji kizima vilianza kwa pamoja. Jamani, nilivyopenda! Kwangu ile ilikuwa ngoma, miguu haikutulia. Bibi aliinama kwenye kigoda chake, akiutafuta mchi mmoja tu.

"Kelele tupu hizi," alisema. "Wewe mwenye masikio mazima, unamsikia?"

"Namsikia, bibi. Huyo, amegonga tatu."

Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Wala sikudanganya moja kwa moja. Katika vinu vingi vile, ukitaka kusikia tatu utazisikia. Kesho yake akauliza tena, nikamjibu vilevile.

Siku ya tatu alikwenda mwenyewe. Alimkuta jirani kitandani, amekwisha kufa, na makopa ya juzi bado yamo kinuni. Watu wa mstari ule walidhani amekwenda kwa ndugu zake Mpale.

Bibi hakunigombeza. Afadhali angenichapa! Tangu siku ile akimaliza kutwanga alilaza mchi chini, akaingia ndani.

Kinu chake ninacho mimi, kiko uani, kuku wanapanda juu yake. Jana mashine ilipozimwa, sijui nilipatwa na nini, nikachukua mchi nikagonga ukingo mara tatu. Nikasimama pale nasikiliza, mtu mzima na akili zangu.

Mjukuu wangu akachungulia dirishani.

"Bibi, kelele za nini tena?"

Nikamwambia, si kitu, nafukuza kuku.