Ngombe ya ku Nape

Batu ya grupe ya kuchora mu simu banisamehe ao basinisamehe, kwangu ni moya tu: sijaonaka batu benye kusifu ovyo kama bale. Unabatumia mustari yenye imekunjama kama njia ya kushuka Kadutu, banakurudishia ile picha ya roho nyekundu, ya moyo. Unabatumia muviringo yenye inafanana na kirayi, kiazi cha kuoza, banakurudishia maua. "Manifik, koko! Kuraje, koko! Endelea tu vile vile!" Niendelee vile vile niende wapi? Mu birayi?

Mwenye aliniingiza mule ni mujukuu wangu, mwenye kuniita koko, nyanya yake; ni binti ya mwanangu wa kwanza. Ule mutoto alikuwa karibu kuolewa, na bakwe betu ni batu ya kule Walungu, batu ya heshima, siwezi kubasema mubaya. Lakini siku moya bakatuma maneno: eti ngombe za mahari hazitafika Bukavu, barabara ya siku hizi haiko ya kutembeza ngombe, bataleta anvelope, bahasha ya franga.

Mwanangu anatumikaka mu biro, ONG, anavaaka kravate hata siku ya jua kali. Yeye akafurahi.

"Maman, anvelope ni muzuri zaidi. Inakaa mu mufuko."

"Anvelope iko na pembe?"

"Hapana, maman."

"Inaliaka asubui?"

"Maman, acha."

Niache nini? Miye nilitokaka kwa baba yangu ju ya ngombe mbili, na batu ya kilima muzima balitoka inje kuziangalia. Sasa mujukuu wangu atoke ju ya karatasi, kama mutu anatuma barua? Nikasema: sawa, kama ngombe haiwezi kuya na miguu yake, itakuya ku nape. Nitashona nape nyeupe ya meza, katikati niweke ngombe, na ile anvelope yao bataiweka juu ya mugongo ya ngombe. Pale kila mutu atajua ni ngombe njo imetoka nyumba moya kwenda ingine.

Lakini ile ngombe ilipashwa kuwa ngombe kweli. Unaelewa? Bakwe bakikuya, bakainama ku meza, mumoja akauliza mwenzake "hii ni mbuzi ao ni mbwa?", basi imekwisha. Mujukuu wangu atakuwa mwanamuke wa kuolewa na mbwa. Bale batu bako na kinywa, bangetucheka mpaka batoto yake bazae batoto.

Kushona najua. Tangu niko kisichana nashonaka brodri, maua ya uzi ku bitambaa. Masomo niliachia mwaka ya tatu ya primere, lakini sindano sijaiachaka. Ila kuchora, hapana. Kule ku foye ya bamama tulifundishwa na basista, na sista alikuwa anakupatia karatasi ya karbone na picha yake ya Ulaya: maroza, bitunga, na ile bata kubwa nyeupe ya shingo murefu. Unafatisha mustari yake, unashona. Ile bata nimeishona ku bitambaa ya makanape, biti birefu bya kukalia, ya Bukavu muzima, toka Bagira mpaka Panzi, na sijaonaka ile bata hata siku moya. Sijui inakulaka nini. Sijui kama iko kweli ao ni basista baliiwaza. Ngombe haikukuwa mule mu karatasi zao.

Basi nikachukua kreyo, nikachora ngombe miye mwenyewe. Mujukuu wangu akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Koko, hii ni kiti?"

"Wewe mutoto, ni ngombe yako ya mahari."

"Ai koko, bakwe batakaa juu yake!"

Akafuta machozi, njo akaniambia kuna grupe mu simu. Yeye anachoraka mamodele ya marobe, nguo za banamuke, alikuwa mule tangu zamani. Batu toka kila pahali banafunzana kuchora toka chini kabisa, kila siku egzersisi moya, unapiga foto, unatuma, na bote banakutia nguvu. Nikasema sawa, niingize, nione hiyo nguvu.

Mama yangu! Mwanzo, mistari. Mistari tu, kama mutoto anaanza shule. Kisha miviringo. Kisha mabwate, ni kusema masanduku. Mabwate ya kulala, mabwate ya kusimama, bwate juu ya bwate. Responsable, mukubwa wa grupe, ni maman mumoja mudogo, sauti yake tamu kama mutu anatangaza misa ku radio. Anatuma odio: "Bapenzi bangu, kila kitu mu dunia iko ndani ya bwate. Mutafute bwate!"

Nikamujibu: "Maman, na weye uko ndani ya bwate gani?"

Akatuma roho. Ule mutu hata umutukane anatuma roho.

Lakini nilichora. Asubui nikimaliza chai, naketi ku barza na kaye, nachora mabwate yao, maharagi inaungua ndani, jirani anapita anauliza kama narudilia shule. Namwambia ndiyo, nataka kuwa minisitiri. Mujukuu anapiga foto, anatuma, na mara moya: "Manifik, koko!" Siku mukono inauma nilichora ovyo: "Manifik!" Siku moya kikombe cha chai kikamwangika juu ya karatasi, nikasema tuma vile vile. "Oo, koko, hii rangi! Unatugusa roho!" Chai, bandugu. Chai ya majani njo iliwagusa roho.

Pale nikaanza kuogopa. Ju siku ya mahari ilikuwa inakaribia, na kama hii batu banasifu chai, nani ataniambia kama ngombe yangu ni ngombe?

Basi nikafanya hivi. Nikachora ngombe na akili yangu yote, nikatuma, lakini sikusema ni nini. Nikaweka odio: "Batu ya grupe, jambo yenu. Sitaki muniambie kama ni muzuri. Muniambie tu, hii ni kitu gani?"

Wale batu benye kujibu mbio kuliko inzi ku nyama, banaandika, banafuta, banaandika tena. Kisha maman mumoja wa Goma akaandika: "Koko, miye naona amani." Kijana wa Lubumbashi: "Miye naona nguvu ya mwanamuke." Mwengine, iko Ulaya, anatumaka maua kila asubui kama mutu anazika: "Ni kanape ya zamani? Manifik sana!"

Kanape! Tena ya zamani!

Na responsable na sauti yake ya misa: "Koko mupenzi, hapa hatuulizake kitu ni nini. Tunaulizaka picha imekufanya usikie nini ndani."

"Imenifanya nisikie hasira," nikamwambia. Akatuma roho.

Njo papa mumoja akaingia. Alikuwaka mule siku zote lakini hasemake. Sauti ya mukwaruzo, nyuma yake kuku zinalia. "Jambo, maman. Miye niko Sange, nachoraka bichwa ku mabango ya masaloni. Hii picha yako ni mbwa. Tena mbwa yenye imevaa pembe. Ngombe haikunjake mguu ya nyuma vile."

Weeh! Grupe ikawaka moto. Responsable akamurukia: "Papa, mu hii grupe hatuvunjake mutu roho!"

Akajibu: "Sijavunja roho. Nimevunja mbwa."

Nilikasirika, sitadanganya. Nikamutumia odio peke yake. "Papa, weye njo wa kunisema? Nimeona foto za mabango yako. Batu yako bote bako na shingo kama chupa ya pombe."

"Ndiyo, maman. Lakini kila mutu anajua ni batu."

Nikarudilia kusikiliza ile odio yake ya mbwa, nikairudilia tena, na kila mara nacheka nguvu zaidi. Kumbe mutu mwenye macho alikuwaka mule, amejificha kati ya maua!

Nikamuuliza: "Sasa nifanye nini?"

"Uliangalia ngombe siku gani?"

"Papa, miye nilizaliwa kati ya ngombe!"

"Sikuulize ulizaliwa wapi, maman. Nauliza uliangalia siku gani."

Unaona ile kiburi? Na hapo iko haki. Nilikamua ngombe, nilizifukuza mu shamba, nilikunywa maziwa yake, lakini kusimama kabisa nikaangalia mguu yake inakunjama wapi, nani alikuwa na ile wakati?

Kesho yake nikashika kaye, nikaenda kule banachinjiaka. Mu muji hakuna pahali pengine pa kuona ngombe ya kusimama. Nikasimama pembeni ya uzio, nikatoa kreyo, nikaangalia ngombe, nikaandika mustari. Nikaangalia ingine, nikaandika mustari. Papo hapo kelele: "Takse! Mutu wa kodi amefika!" Bachinjaji bamoja bakaanza kufunga milango, kijana mumoja akaangusha kisu akakimbia nyuma ya nyumba.

Mukubwa yao akanikuyia, mabote yake mu damu mpaka magoti. "Maman, sisi tulishalipa! Basi kila juma munatuma mutu mupya? Sasa munatuma hata bakoko?"

"Nani amekuambia miye ni takse?"

"Uko na karatasi, unaangalia ngombe yetu, unaandika. Ni nani mwengine anafanyaka vile?"

Nikamuonyesha kaye. Akaigeuza huku na huku. Kisha akaita bengine: "Kuyeni muone, koko anachora ngombe!" Bakakuya bote, harufu ya damu ikanizunguka, na pale sasa hakuna roho wala maua.

"Koko, na hii ni ngombe ao ni meza ya kunywia bia?"

"Kichwa kama ya shemeji yangu!"

"Koko, ufanye mbio, hii ngombe iko na rande-vu na kisu!"

Bajinga kabisa. Lakini mumoja, ule alikimbia, akainama, akashika mguu ya nyuma ya ngombe, akanionyesha: "Hapa unafikiri ni goti, koko. Hapana. Hapa ni kisigino. Goti iko juu, karibu na tumbo." Na miye na miaka yangu yote, njo nikaona. Ngombe inatembea juu ya vidole kama mwanamuke wa biatu bya kisigino kirefu. Na tumbo yake, ubavu huku, mugongo juu, ubavu huku, nikaona bwate. Bwate kabisa, imesimama mbele yangu inafukuza inzi. Responsable sikumwambia. Angeringa sana.

Nikarudi kule tena na tena, mpaka bakanizoea, banaita "takse yetu imefika". Kisha nikapitisha ngombe ku nape na kreyo, nikashona na uzi ya rangi ya udongo. Foto nilituma Sange tu. Papa akasema: "Ni ngombe. Lakini inaangalia kama sista anasali." Nikafumua jicho, nikashona upya. Grupe nao niliwatumia picha ya bwate, bakafurahi.

Siku ya mahari, nyumba ya mwanangu ilijaa. Meza katikati, nape juu. Mwanangu akasimama na kravate yake, akasema maneno mingi ya Kifaransa juu ya samboli, eti ngombe ni alama, batu banapiga miayo. Kisha muzee wa bakwe akaamuka, kofia ku kichwa, fimbo ku mukono, anvelope ku mukono ingine. Akakaribia meza. Akanyoosha mukono aiweke. Akasimama.

Akainama. Akaangalia. Nikasema, akitamuka tu neno mbwa, naingia chini ya kitanda sitoke tena.

Akasema: "Hii haijazaa bado."

Basi shemeji yangu, ndugu mukubwa ya marehemu bwana yangu, mutu mwenye ngombe anaijua ku brosheti, ku kijiti ya nyama ya kuchoma, tu, akaruka toka ku kiti: "Haijazaa? Shida si kuzaa, iko konda! Angalia mbavu! Sisi hatutoake mutoto wetu ju ya ngombe konda!"

"Konda wapi, muzee? Ngombe ya kilima iko vile! Mulitaka yenye inakula masashe ya plastike ya Bukavu?"

"Na mguu ya mbele inachechemea!"

"Inachechemea wapi?"

"Hii hapa! Mutaongeza mbuzi!"

"Haichechemee!" Ile ilikuwa sauti yangu. Ile mguu niliishona na macho yangu yote.

"Shemeji, kaa chini," shemeji akaniambia, "haya ni mambo ya banaume."

Bote bakaamuka. Bazee ya huku, bazee ya kule, banasukumana ku meza, mumoja anavaa miwani, mwengine anapima pembe na kidole. Mwanangu anapiga kijiko ku gilasi, hakuna mwenye kumusikia. Fufu ikapoa, samaki ikapoa. Mujukuu wangu, mu kikwembe chake kipya, akanifinya.

"Koko, hakuna hata mumoja amesema ni muzuri."

"Nyamaza," nikamwambia, "usibaharibishie."

Bakagombana mpaka bakwe bakashindwa, bakakubali kuongeza mbuzi. Nusu ya juma haikupita, pikipiki ikasimama mbele ya nyumba, na nyuma yake mbuzi ya Walungu, imefungwa na kamba, inalia kama mutu anaibiwa. Mbuzi ya kweli ju ya mguu ya uzi. Mujukuu akatoka mbio na kaye yangu na kreyo.

"Koko, chora hii mbele haijakimbia!"

"Weka ile kaye chini," nikamwambia. "Lete majani kwanza. Inalia njaa."