Yule Aliyevaa Sura Yangu

Mwalimu aliyetuletea ule mchezo alikuwa mama mnene, mchangamfu, aliyefundisha shule ya msingi kule Pumwani. Jioni alisimamia kikundi chetu cha maigizo kwenye sosho, yaani ukumbi wa jamii wa mtaa wetu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sabini. Mimi nilikuwa karani katika ghala la mizigo la reli, nina mke na watoto wawili, na nilijihesabu kuwa mtu nadhifu. Viatu vyangu vilikuwa vikimeta. Shati langu halikukosa pasi hata siku moja.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Wagiriki wa zamani. Mungu wao mkuu amemtamani mke wa jemadari. Jemadari yuko vitani, basi mungu anajivika sura ya mume huyo, anabisha hodi, na mama wa watu anamfungulia bila kushuku. Nje ya mlango mungu anamweka msaidizi wake, naye amejigeuza mtumishi wa jemadari. Mtumishi halisi anaporudi kuleta habari kwamba bwana wake yuko njiani, anakuta mtu mwenye sura yake amesimama pale mlangoni. Anapigwa na huyo mwenziwe hadi akubali kwamba yeye si yeye. Mwalimu aliigeuza yote kuwa kichekesho cha nyimbo. Jemadari akawa gadi wa garimoshi, magitaa mawili yakatafutwa, na mke akapewa wimbo wa kuimba huku akipepeta mchele.

Mimi nilipewa mtumishi halisi. Msaidizi wa mungu akawa fundi wa redio aliyekuwa na kibanda Kariobangi, kijana ambaye hajaoa, wa urefu wangu na umbo langu. Tulishonewa kaptura za kaki zinazofanana na kofia zinazofanana.

Siku ya kwanza ya mazoezi mwalimu alimwambia, "Usiigize mtumishi. Mtumishi anaigizwa na kila mtu. Wewe mwigize huyu." Akaninyoshea kidole. Tukacheka sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Kuanzia hapo yule fundi akawa mtu wa kwangu. Mazoezi yakiisha tunatembea pamoja hadi nyumbani, mke wangu anamwekea sahani. Tulikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na meza ndogo upande wa mlango. Sikuzote alikaa ng'ambo ya meza, akinikabili. Niliona ni adabu. Mke wangu alimpenda kwa sababu alisifu matumbo yake, na kweli matumbo aliyapika vizuri.

"Shemeji, kula basi," alimwambia jioni moja. "Mbona unamtazama tu mwenzako?"

"Nashiba kwa macho, shemeji," alijibu, akacheka, nasi tukacheka.

Kwenye mazoezi alisema maneno yake kikavu, kama mtu anayesoma tangazo. Nilimhurumia. Nilimwambia ajitahidi, nikamwonyesha hata namna ya kusimama. Sikujua kwamba yeye na mwalimu walikuwa wamekubaliana afiche kila kitu mpaka siku yenyewe, ili mshtuko wangu uwe wa kweli.

Siku ya mchezo, Jumamosi alasiri, sosho ilijaa hadi watoto wakaning'inia madirishani. Harufu ya jasho na mafuta ya nywele ilikuwa nzito kama uji. Wenzangu wa ghalani walikaa nyuma, wakipiga mbinja. Mke wangu alikuwa safu ya mbele pamoja na jirani yetu. Niliingia na taa ya kandili, nikaimba wimbo wangu wa safari, nikafika kwenye mlango wa mbao tuliousimamisha katikati ya jukwaa. Mlango ukafunguka. Yule fundi akatoka na kigoda na sahani ya ugali, akaketi.

Kabla hajatamka neno alisafisha koo. Haikuwa kikohozi. Ilianza kwa kuvuta kamasi kutoka juu, ndefu, ikashuka kooni ikakoroga kitu humo ndani, kisha akatulia kidogo kama mtu anayeonja, akameza.

Kicheko kilianzia nyuma, kwa watu wa ghalani. Mimi sikuelewa bado.

Akafinyanga tonge, akalichovya, akalamba vidole kimoja baada ya kingine, akamalizia na dole gumba ambalo alilifyonza kwa mlio. Akanyonya meno. Akatoa njiti ya kiberiti kwenye mfuko wa shati, akachokoa sikio huku jicho moja limefumbwa, akaitazama ile njiti, akainusa, akaipangusa chini ya kigoda.

"Ni yeye!" mtu akapiga kelele. "Jamani, ni yeye kabisa!"

Hapo ndipo nilipojua. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa ameinama mbele, amejiziba mdomo kwa leso, machozi yanamtiririka, na mkono mwingine unampiga jirani mapajani.

Nimewahi kukuta unywele kwenye mchuzi baada ya kula nusu ya sahani. Nimewahi kukanyaga kitu chenye joto, gizani, pekupeku. Siku hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana kile kitu cha kutapisha kilikuwa mimi, kimevaa kaptura, kinaimba. Ndiyo, aliimba. Aliweka kule kuvuta kamasi katikati ya beti, na mpiga gitaa akamfuata.

Zamu yangu ikafika. "Wewe ni nani?" niliuliza, na sauti ikatoka nyembamba.

"Mimi ni mtumishi wa nyumba hii. Na wewe?"

Akaanza kunipiga kwa gazeti lililokunjwa, kama tulivyofanya mazoezi. Nilitakiwa kusema kwamba mimi si mtu, ni kivuli tu kilichopotea njia. Lakini koo langu lilikuwa limejaa. Nilihisi kitu kimekaa pale, kizito, na nikaapa moyoni kwamba sitalisafisha hata nikifa. Nikafungua mdomo, neno halitoki. Gazeti linashuka. Watu wanangoja. Mwishowe mwili ulinishinda. Nikavuta, nikakoroga, nikatulia, nikameza.

Sosho ilipasuka. Mtoto mmoja alianguka kutoka dirishani kwa kucheka.

Nyuma ya jukwaa yule fundi alinijia mikono wazi, uso umelowa jasho. "Tumewamaliza, ndugu yangu!"

Nikamsukuma. "Ulikula kwangu."

"Nilikula, na nilishukuru."

"Hukula matumbo. Ulikuwa unanila mimi."

Mwalimu akaja mbio. "Baba, usikasirike. Hii ni sanaa. Watu wamekupenda."

"Wamempenda huyu," nikamwambia, nikaondoka na kaptura ileile.

Nyumbani mke wangu alikuwa anapasha chakula. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka, ingawa alijitahidi.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nijue nini?"

"Kwamba nafanya hivyo."

"Baba watoto, tunakula meza moja kila siku. Nitakosaje kujua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Nilipoolewa nilimweleza mama, akasema nitazoea."

"Ukazoea?"

Alifunika sufuria kwanza. "Leo nimecheka," alisema. "Hapo mwanzo sikuwahi kucheka."

Usiku huo sikula. Kesho yake nilichukua sahani yangu nikaenda nyuma ya pazia, nikakaa kitandani nikiwapa mgongo. Nilitafuna nimefunga mdomo, na ndani ya kichwa niliyasikia mataya yangu yakifanya kazi kama ng'ombe anayecheua. Nilikata kucha hadi zikatoa damu. Njiti za kiberiti nilizihesabu kuwa uchafu, sikutaka hata kuziona jikoni. Ghalani, kila nilipopita, mtu alivuta kamasi. Watoto wa mtaani walinikimbilia wakiuliza, "Niaje! Wewe ni yupi?"

Mwalimu alikuja kunibembeleza nirudi, kwa sababu watu walikuwa wanataka mchezo urudiwe. Nikakataa. Basi akamtafuta mtu mwingine, kondakta wa basi, na yule fundi akamfundisha. Hapakuwa na mtumishi tena katika mchezo ule. Palikuwa na watu wawili, wote wakinifanya mimi, wakipigana kuhusu nani kati yao ni mimi, na ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Mke wangu aliomba ruhusa kwenda. Nilimwambia aende. Alirudi na watoto, wote watatu wakiwa kimya kupita kiasi, na mdogo akatoroka kwenda kucheka chooni.

Mchezo ulipoacha kuonyeshwa, yule fundi alikuja kunitafuta na nyama imefungwa kwenye gazeti. Sikumkaribisha ndani, tukasimama kizingitini.

"Nimekuja kuomba tuyamalize," alisema. Kisha akavuta kamasi, akakoroga, akameza. Akashtuka mwenyewe, akashika koo. "Unaona? Haitoki. Niko kibandani na mteja, natahamaki nimefanya. Juzi nilijikuta na njiti sikioni. Ndugu yangu, nifanyeje?"

Labda mtu mwingine angecheka hapo, na urafiki ukarudi. Mimi nilihisi kama amekuja amevaa chupi yangu, ambayo haijafuliwa, na ananiuliza kama inamkaa. Nilimrudishia nyama yake. Mke wangu alisimama nyuma yangu, akasema polepole, "Shemeji, nenda tu salama," nami nikachukia hata lile neno shemeji.

Baada ya mwaka hivi alioa, huko huko Kariobangi. Kadi ilikuja na majina yetu sote. Sikwenda. Mke wangu alivaa gauni lake la kanisani, akawavalisha watoto soksi nyeupe, wakaenda. Walirudi jioni na kipande cha keki kimefungwa kwenye karatasi laini, sehemu yangu.

"Amekutumia," alisema.

"Tupa."

Hakubishana. Aliketi kwenye ngazi ya nje, akawagawia watoto ile sukari nyeupe ya juu, na iliyobaki akaila mwenyewe, kidogo kidogo, akiwatazama watu wanaopita.