Amina Iliyokatwa na Mkasi

Baba mkubwa wangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi Amina. Wateja wageni walifika wakiuliza yuko wapi huyo mama, wakaoneshwa mwanamume mwenye ndevu na futi ya kupimia shingoni. Jina alilipata kwa sauti yake. Kila jioni aliongoza sala nyumbani, na akifika mwisho aliitoa Amina kutoka tumboni, hadi jirani wa upande wa pili wa ukuta akaitikia huku akisonga ugali wake. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: anayeomba ndiye anayefunga, wengine tunaitikia. Kabla hajafunga, hakuna aliyefumbua macho.

Pateni zake, yaani karatasi za kupimia nguo kabla ya kukata kitambaa, alizikata kwenye magazeti ya zamani. Alikuwa na tabia ya kusoma pateni anayoitumia, kwa hiyo elimu yake ilikuwa na umbo la nguo. Vita fulani alivijua mpaka kwenye kwapa, na maisha ya nyuki mpaka kiunoni. Mimi nilikaa mlangoni nikishona matundu ya vifungo, nikamsikiliza.

Siku hiyo alikuwa anakata koti. Kwenye pateni ya mkono palikuwa na habari za Misri ya kale. Mwandishi alisema kwamba zamani sana, kabla ya kanisa lolote, watu wa kule walisimulia juu ya mungu aliyeuawa na ndugu yake, akafufuka kuwatawala wafu. Walichonga mama aliyempakata mtoto mtakatifu akimnyonyesha. Waliamini moyo wa marehemu unapimwa kwenye mizani. Pengine, aliandika, baadhi ya habari za Maandiko zilianzia huko.

Baba mkubwa hakutishika. "Mama kunyonyesha mtoto, hiyo nayo ni siri ya Wamisri?" aliniuliza, akaendelea kusoma. Chini kabisa, kwenye ncha ya mkono, paliandikwa: wapo wanaodai kwamba hata neno Amina ni jina la Amuni, mungu wa Wamisri, na waumini humwita kila siku bila kujua. Hapo ndipo mkasi ulipokuwa umepita, na habari ikaishia hapo. Aliweka karatasi mezani na hakushona tena mpaka jioni.

Usiku ulipokaribia tulipiga magoti. Aliomba vizuri, akafika mwisho, akanyamaza. Tulisubiri macho yamefumbwa, tukisikia sufuria za jirani. Mwishowe mama mkubwa, mkewe, akafumbua jicho moja.

"Mzee, umesinzia?"

"Nimemaliza."

"Hujafunga."

"Siwezi kuita mungu nisiyemjua ndani ya nyumba yangu."

Alipomweleza alichosoma, mama mkubwa alicheka. "Amina ni amini tu, mume wangu. Hata mtoto anasikia."

"Wewe hukusoma."

"Na wewe umesoma mkono mmoja."

Nilidhani yatapita, lakini hayakupita. Mambo mengine yote ya ule ukurasa aliyameza, ila neno hilo lilikuwa lake, ndilo lililompa jina mtaani, na aliona aibu ya mtu aliyesalimia mgeni maisha yake yote akidhani ni baba yake. Watu waliendelea kumwita Fundi Amina, naye akaacha kuitika. Nilimkasirikia, na nikisema nimeacha nitakuwa mwongo.

Kwani mwaka huohuo ini la mama mkubwa lilianza kumsumbua. Miguu ilivimba, macho yakawa ya manjano, hospitali wakamrudisha nyumbani. Hakuomba tunda wala dawa. Aliomba kitu kimoja.

"Niombee kama zamani," alimwambia mumewe.

Baba mkubwa alipiga magoti, akamshika miguu. Aliomba kwa muda mrefu, akawataja watoto wao, waliopo na waliozikwa, akashukuru hata kwa ile cherehani. Kisha akafika ukingoni, akasimama. Mama mkubwa alibaki amefumba macho, mikono ameikutanisha kifuani, anasubiri. Mimi nilikuwa na beseni mkononi. Hata kama ningeisema mimi hiyo Amina, angejua siyo yenyewe.

"Funga, mume wangu."

"Mungu amesikia, mama."

"Yeye amesikia," alisema. "Mimi ndiye sijasikia."

Baba mkubwa alitikisa kichwa huku machozi yanamtoka. Hakuweza kudanganya, na hakuweza kumpa. Mama mkubwa hakurudia ombi lake, na kabla mvua hazijakatika tulimzika. Makaburini watu wote walisema Amina isipokuwa mumewe.

Kiangazi, akaja mteja mnene kutaka koti. Wanene walikuwa wameadimika mtaani kwetu, kwa hiyo pateni ya mgongo mpana ilikuwa imening'inia msumarini muda wote bila kutumika, juu ya kichwa cha baba mkubwa. Niliishusha. Akaitandaza mezani na, kama kawaida yake, akasoma. Kisha akaenda kuchukua ule mkono wa zamani, akaziweka karatasi ukingo kwa ukingo. Mistari ikakutana.

Lakini wajuzi wa lugha hawakubali, mgongo uliendelea. Neno hilo ni la Kiebrania, lina maana ya jambo thabiti, la kutegemewa, na ni ndugu wa neno letu amini. Hayo mengine, nani alichukua kwa nani, bado wanabishana.

"Nani alimwambia mke wangu?" baba mkubwa aliniuliza.

"Hakuna, Baba. Alisikia tu."

Mteja alipimwa, akaondoka. Jioni baba mkubwa alipiga magoti pamoja nami karibu na kitanda cha mama mkubwa kilichobaki wazi, akaomba maneno machache, na alipofika mwisho aliitoa kwa sauti ileile ya zamani: Amina. Jirani akaitikia ng'ambo ya ukuta. Nami nikaitikia, nikafumbua macho. Yeye alibaki ameyafumba, uso ameuelekeza kitandani, anasubiri.