Kiini cha Profesa

Wanafunzi walimwita Profesa, naye aliitika bila haya, ingawa kazi yake ilikuwa kutunza maabara ya shule na kuosha chupa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa bingwa wa jambo moja: kubandua ngozi nyembamba ya kitunguu, kuitandaza juu ya kioo, kuidondoshea ayodini na kuifunika kwa kioo kidogo, pa! Kisha aliwaita watoto kwenye hadubini.

"Hicho kiduara chenye ukingo mweusi ndicho kiini. Bosi wa seli huyo!"

Walimu walimwamini, hawakuchungulia. Kiduara chenyewe alikichora kwenye bango kubwa ukutani, akatia na sahihi, utadhani amekiumba yeye.

Mwaka huu akaja mwalimu mpya wa biolojia, binti wa dada yake, aliyewahi kusoma shuleni hapohapo. Kabla ya somo la kwanza alichungulia kwenye hadubini, akamgeukia.

"Mjomba, kiini kiko wapi?"

"Ah, wewe nawe! Si hicho hapo katikati?"

Binti akaandaa ngozi nyingine. Kioo kidogo hakukipiga pa. Alikiegemeza upande mmoja, akakishusha polepole kwa sindano. "Haya, tazama sasa."

Viduara vyeusi vilikuwa vimetoweka. Seli zilijipanga kama matofali, kila moja na ukuta wake, na ndani, pembeni kabisa, doa dogo la kahawia lilijikalia kimya. Kumbe bosi anakaa pembeni! Kile cha katikati kilikuwa kiputo cha hewa, kilichoingia kwa ile pa! yake ya kishujaa. Miaka yote hiyo amefundisha hewa, tena kwa majivuno.

"Wewe ulijulia wapi?"

"Chuoni. Nilichora kiduara chako, darasa zima likanicheka." Akashusha sauti. "Tulitoe bango, Mjomba. Hakuna atakayejua."

Wanafunzi walishafika mlangoni. Profesa alilipenda jina lake, asikudanganye mtu, na alikaribia kabisa kukubali. Lakini kile kicheko cha chuoni kilimchoma. Akachukua kalamu nene, akakata neno KIINI kwenye bango, akaandika KIPUTO CHA HEWA. Sahihi akaiacha palepale.

"Ingieni," aliwaambia. "Leo mtaona kiini. Hata mimi nimekiona leo."

Walicheka mpaka madawati yakatikisika. Binti wa dada yake hakucheka.