Upande wa Kichwa Usiosukwa

Ijumaa zangu nyingi za Dubai nimezisahau, ila zile za kusukwa bado zinanijia, hasa nikiwa kati ya kulala na kuamka. Tulikuwa wanawake sita chumba kimoja pale Al Twar, wote wafanyakazi wa hoteli moja ya Garhoud. Mchana, AC ikivuma, ndege zikipita chini chini kwenda kutua, naketi sakafuni na dada mmoja Mganda, wa upande wa dobi, ananisuka. Alinizidi umri na aliniita mdogo wangu. Yeye huketi kitandani, mimi nimeegemeza kichwa pajani pake, na kabla hajamaliza mstari wa tatu nimeshasinzia. Harufu ya mafuta ya nazi na ile ya sabuni ya dobi mikononi mwake zimechanganyika kichwani mwangu mpaka leo. Akimaliza, hukusanya nywele zilizonasa kwenye chanuo, huzifunga kwenye kikaratasi na kunipa nikazitupe mwenyewe. Nywele zako zikiangukia mkononi mwa mtu mbaya, alikuwa akisema, anaweza kukufanyia lolote.

Mwaka 2014 kwao Uganda habari za mashoga na wasagaji zilikuwa gumzo, na chumbani kwetu pia. Maneno yetu yalikuwa makali. Mimi niliyasema kwa sauti kuliko wengine, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa na hakuna aliyewahi kuniuliza nina uhakika gani. Cha kuchekesha, kazini tulikuwa wapole ajabu. Unafungua chumba cha wageni wawili, wanaume, vitanda viwili, kimoja kimelaliwa na cha pili hata shuka halijakunjamana. Unavitandika vyote viwili, unaweka chokoleti juu ya mito. Ukikutana nao kwenye lifti, "Good morning, sir," na tabasamu juu. Yule dada, tukianza maneno yetu, alinyamaza tu na kukaza msuko. Mimi nilidhani ni ulokole.

Ijumaa moja alikuwa amenisuka twende kilioni upande wote wa kulia. Mimi niko mbali, nusu ndotoni. Simu ya Mkenya wa kitanda cha dirishani ikalia, na rafiki yake mmoja wa Kampala alikuwa amemtumia picha. Ikazunguka mkono kwa mkono mpaka ikanifikia. Alikuwa dada yetu, mwembamba zaidi, amekumbatiana na mwanamke mwingine, mashavu yamegusana. Chini yake yaliandikwa majina yao, kijiji chao, na matusi.

"Aki, si huyu ni wewe?" Mkenya akamuuliza.

Mikono ikasimama kichwani mwangu. "Ni mimi," alisema taratibu. "Huyo mwenzangu wameshamfukuza kwao."

"Basi heri tuambie supervisor leo leo. Hapa si kwetu. Polisi wakikuja watatubeba sisi wote, na mimi sitaki shida."

Tulijua supervisor akiambiwa itakuwaje. Ni ofisini, pengine polisi, na hata akiponea chupuchupu atapandishwa ndege kurudi kule ambako picha ilishatangulia. Wenzetu wanne wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu wake. Neno moja lingetosha. Mwacheni. Nilikuwa nalo mdomoni, wallahi nilikuwa nalo. Badala yake nikainua kichwa kutoka pajani pake, nikasimama.

"Tutamalizia siku nyingine," nikasema.

Akachambua chanuo, akafunga nywele zangu kwenye karatasi, akaniwekea kitandani. Kabla ya magharibi alikuwa amefunga begi na kuondoka, wala hatukuwa na haja tena ya kumwambia supervisor. Wiki nzima nilifanya kazi na kilemba, nusu nimesukwa, nusu timtim. Mkenya alijitolea kunimalizia, nikakataa. Niliona haya, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Maneno ya chumbani yalipungua polepole, hata sikumbuki yalikoma lini. Siku moja mimi na Mkenya tulikuwa tunatandika chumba cha namna ile, wanaume wawili na kitanda kimoja tu kimelaliwa, naye akasema, akikung'uta mto, "Lakini yule dada wa dobi hakutukosea kitu."

"Hata kidogo," nikasema. Tukatandika kitanda cha pili.

Mwaka 2018 nikasikia anasuka kwenye saluni moja ya Marina. Nilikwenda. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa aproni nyeusi. Nilitaka kuketi sakafuni, nikaanza hata kuinama, naye akavuta kiti.

"Kaa hapa, madam."

Sikujua kama ananitania. Alisimama nyuma yangu, akanisuka twende kilioni, kulia na kushoto, kwa ncha za vidole. Nilikaa wima mpaka mwisho, sikusinzia, shingo ikaniuma. Nilimwambia nisamehe. Kwenye kioo nilimwona ameinamisha uso, anaendelea kugawa nywele.

Alipomaliza alichambua chanuo. Chini palikuwa na nywele za wateja wengine, na fagio liko pale pale. Zangu akazifunga kwenye kikaratasi, akanifumbatisha mkononi.

"Katupe mwenyewe," alisema, akamwita mteja mwingine.