Wageni Wanane Ambao Hawakusimama

Kazi yangu hapa Lodwar ni kupandisha majina ya watu mtandaoni. Ukiwa na duka la vipuri, kinyozi au hoteli ya samaki, unakuja kwangu karibu na soko, nakutengenezea ukurasa, na mtu akitafuta kitu kama chako kwenye simu, wewe ndiye unayetokea kwanza. Si kujisifu, lakini hebu niacheni nijisifu: mjini hapa hakuna anayeniweza. Jina likipanda kutoka ukurasa wa tatu hadi wa kwanza, mimi huruka kitini nikapiga kigelegele peke yangu. Fundi wa viatu wa mlango wa pili ameshazoea.

Mwaka juzi alinipigia simu mama mmoja wa Kakuma, mjane kutoka Sudan Kusini, mwenye gesti ya vyumba vinne. Vyumba vilikuwa safi, na vitupu. Mwenye ploti alikuwa amemwambia kwamba vikikaa hivyo hadi Pasaka, atavigeuza stoo ya simenti, na yeye atafute pa kwenda. Mama mwenyewe aliishi humo humo, kwenye kijichumba nyuma ya jiko. Nikamwambia, mama, lala usingizi, hii ni kazi ya kitoto.

Nilimwandikia ukurasa mzuri, wa kweli, ukakaa huko chini pasipoonekana. Basi nikaharibu. Nikabuni wageni wanane, kila mmoja na jina lake na picha ya ua, nikawafanya waandike sifa na kutoa nyota tano tano. Mmoja daktari wa Eldoret, mmoja mwalimu wa Nakuru, wawili maharusi wa Kitale waliokuja fungate. Fungate Kakuma, kwa jua lile! Nilikuwa naandika huku nacheka mwenyewe. Yule mwalimu, sijui shetani gani alinipitia, nikamwandikia kwamba alifurahia sana bwawa la kuogelea, kwa sababu nilijua watu hulitafuta neno hilo. Dhamiri ilikohoa kidogo. Nikaiambia kila mtu anafanya hivi, tena ni kwa ajili ya mjane. Baada ya wiki mbili mama alikuwa wa kwanza kabisa, nami nikacheza dukani hadi fundi wa viatu akaja kuuliza kama nimeposwa.

Mama alifurahi kuliko mimi. Kiswahili cha kusoma kilimpiga chenga, aliona nyota tu. Akauliza hao watu wanaandikaje, nikamweleza kwamba ni kama ushuhuda wa kanisani, mtu anasema alichokiona. Mdomo wangu huu! Jumapili iliyofuata akawaomba kina mama wenzake kanisani wamtolee ushuhuda kwenye simu.

Sasa, kanisa lile lina desturi yake. Hutoi ushuhuda wa jambo ambalo halikukupata wewe mwenyewe. Kina mama wakajadiliana, wakakubaliana kwamba huwezi kusifu kitanda ambacho hujakilalia. Kwa hiyo wakaanza kuja kulala. Zamu kwa zamu, wawili wawili, shuka begani. Walibonyeza magodoro, wakaonja chai, wakabishana juu ya dirisha. Asubuhi wakaandika: chai tamu, kitanda kinalia ukigeuka, jogoo wa jirani hana adabu. Mmoja alinyima nyota kwa sababu ya huyo jogoo, na hakuna aliyeweza kumbembeleza airudishe. Mama alinisimulia kwa simu, nikacheka hadi mbavu zikauma.

Wiki tatu kabla ya Pasaka wakanialika kwenye ibada ya shukrani. Nikavaa gauni langu la manjano nikaenda Kakuma. Nilijua watanipigia makofi, na makofi mimi nayapenda.

Mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mrefu mwenye miwani, alishika simu akaanza kusoma sifa zote kwa sauti, mwenzake akitafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Hapo ndipo nilipoijua desturi ya pili, ambayo hakuna aliyenidokezea: ushuhuda ukisomwa, aliyeutoa husimama ashangiliwe. Akasoma wa jogoo, mama mmoja akasimama, vigelegele. Akasoma wa kitanda, wakasimama wawili. Kisha akasoma wa daktari wa Eldoret. Hakuna aliyesimama. Watu wakageuka kutazama viti vya nyuma. Mwenyekiti akasema labda amerudi kwao. Akasoma wa maharusi, akangoja kwa heshima. Ndipo akafika kwa mwalimu na bwawa lake.

Mama akasimama polepole.

"Mimi hapana bwawa," akasema. "Mimi nina tanki."

Kanisa zima likaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anatazama uso mmoja baada ya mwingine, akiogopa watu watadhani yeye ndiye mwongo. Nikaona nilichomfanyia, na aibu ikanishika. Nikasimama, na umanjano wangu wote, nikasema wale wanane ni mimi. Mtu mmoja akapiga makofi kwa mazoea, akanyamazishwa.

Tulipotoka nje nikamweleza mama kila kitu. Nikiwafuta atashuka, pengine asionekane kabisa, na Pasaka ndiyo hiyo inabisha hodi. Nikamwambia achague yeye. Hakufikiri sana.

"Futa," akasema. "Kama hii nyumba itafungwa, ifungwe na jina safi."

Nikawafuta mbele yake, mmoja mmoja, na akashuka kama nilivyosema. Nikarudi Lodwar bila hamu hata ya chakula.

Alhamisi Kuu nikampigia, begi langu likiwa tayari mlangoni. Nilikuwa na mpango: nije na dada zangu watatu, kila mmoja achukue chumba, mwenye ploti akija akute watu. Nilimweleza mbio mbio asije akakataa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha nikamsikia anacheka. Kumbe wasafiri waliochoka kudanganywa na kurasa za huko juu walikuwa wameshuka hadi ukurasa wa pili, wakakuta sifa za kina mama pamoja na lawama zake, wakaziamini.

"Usikuje, binti yangu, hakuna kitanda," akasema. "Hata mwenye ploti amekuja leo na wageni wake wa Pasaka. Nimemwambia atafute kwingine."